Fundi Mativo na Kiti Kisichokaliwa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Mativo Wathome anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Tegemeo, hapa Shauri Moyo, kwa miaka thelathini na minane na miezi tisa. Alianza kazi Februari 1987. Wengi wetu tulioketi uwanjani leo tulikuwa hatujazaliwa, na lango la karakana lilikuwa bati moja linalofungwa kwa waya. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwenye ratiba hii mliyoishika. Mimi ni Phelister, karani wa karakana, na wanaonijua wanajua kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi. Karatasi hii nimeiandika mara nne. Kama kuna kosa, tafadhali mniambie baada ya chakula.

Fundi Mativo alizaliwa Wamunyu mwaka 1960, akafundishwa kuchonga na mjomba wake. Alifika Nairobi na tezo moja, blanketi moja na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi ya sukari. Mwanzoni alichonga swala na twiga wa kuuziwa wageni, pale Gikomba, mpaka siku moja akachoka. Alisema amechonga wanyama zaidi ya elfu na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsaidia mtu. Alitaka kuchonga kitu ambacho mtu aliyetoka kazini amechoka atakitumia. Akavuka barabara, akaingia lango letu la bati, akaomba kazi ya viti.

Kuna desturi ya karakana hii ambayo kila mgeni hushangaa akiiona. Kiti kikishapigwa msasa na vanishi ikakauka, Fundi Mativo hukiweka katikati ya uwanja, humwita mwenye birika, na hukikalia akiwa na kikombe cha bati kilichojaa chai pomoni. Hunywa polepole mpaka tone la mwisho. Watu wote hunyamaza, hata wa msumeno wa umeme huuzima. Kiti kikilia, hata kwa sauti ndogo kama ya panya, kinarudi mezani. Kisipolia, hugeuza kikombe juu ya goti na kusema, "Kiende." Tunaiita chai ya kiti. Kwa miaka kumi na tisa iliyopita mwenye birika nimekuwa mimi.

Kanisa moja la mtaa wa Tena lilipoagiza mabenchi kumi na mawili, alikunywa vikombe kumi na viwili siku moja, na kesho yake mkewe, Mama Kavindu, akanipigia simu kuniuliza tumempa nini mume wake maana hakupata lepe la usingizi. Mwaka ambao moto wa Gikomba ulisogea karibu nasi, watu walitoka mbio wakibeba mashine. Yeye alitoka na tezo mkono mmoja na birika mkono wa pili, akaacha koti lake zuri msumarini. Majeneza tu ndiyo hayakunywewa chai, na hata hapo mwanafunzi wake Opicho huapa kwamba alimwona akikalia ukingo wa moja.

Huyo Opicho ndiye anayechukua nafasi yake kuanzia Jumatatu. Alifika hapa akishika nyundo kama mtu anayeua nyoka, na leo mafundi wa mitaa mingine huja kumwomba ushauri. Ni mmoja wa mafundi arobaini na mmoja waliopita mikononi mwa Fundi Mativo. Hakuna hata mmoja aliyetukanwa naye. Akikasirika hupiga randa mbao ambayo haihitaji kupigwa randa, na sisi hujua tukae mbali.

Jambo jingine: katika miaka yote hiyo hajawahi kuandika jina lake kwenye kiti hata kimoja. Mafundi wa karakana nyingine hupiga mihuri, wengine huweka na namba za simu. Yeye akiulizwa husema kiti kinajulikana na anayekikalia. Lakini mimi, niliyeketi karibu na dirisha lake miaka kumi na tisa, nilimwona mara mbili tatu akipitisha kidole chini ya kiti kilichokwisha, mahali ambapo jina lingekuwa.

Ningependa kuishia hapo, nimwombee heri, twende tukale. Tatizo ni kwamba Fundi Mativo alinipa sharti moja nilipomwambia naandika wasifu wake. Alisema niandike habari za kasri, au nisiandike kitu. Nilimsihi. Nilimwambia sherehe ya kuaga si mahali pa habari kama hizo. Akapiga randa mbao ambayo haikuhitaji kupigwa randa. Kwa hiyo nitaandika.

Machi mwaka huu ilikuja pikapu yenye kiti kilichofungwa kwa shuka jeupe, pamoja na barua ya kurasa mbili. Kilitoka kwenye kasri la kale la wafalme, huko magharibi. Kasri lenyewe silitaji kwa jina, maana hivyo ndivyo tulivyoombwa. Wafalme wake waliisha zamani, na siku hizi liko wazi kwa umma: unakata tikiti langoni, unavua viatu, unatembezwa. Kiti chenyewe kilikuwa cha enzi, cha mvule mzito, chenye mgongo mfupi, na mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa.

Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, watu wote wakinizunguka. Ulieleza habari za mguu na siku ya kukirudisha kiti. Ukasema karakana nzima inaalikwa kukileta na kutembezwa kasrini. Halafu ukasema kwamba jina la fundi litachongwa kwenye ubao wa mafundi wote waliowahi kulitumikia kasri, unaotundikwa ukumbini. Hapo watu walipiga makofi. Opicho alimbeba Fundi Mativo mgongoni, na mimi kwa furaha nikaikunja barua nikaitia kwenye faili. Ukurasa wa pili sikuusoma. Nasema hivi waziwazi.

Kazi ilichukua wiki tatu. Alitafuta mvule wa zamani mpaka akapata kipande kwenye mlango wa nyumba iliyobomolewa. Mara moja, akiwa ameshika patasi, aliniuliza kama barua ilikuwa na neno jingine lolote kuhusu kiti. Nikamwambia hakuna.

Alhamisi kiti kikaisha. Akakiweka katikati ya uwanja, akaniita. Nilijaza kikombe mwenyewe. Akakikalia, nasi tukanyamaza. Alikunywa taratibu kuliko siku zote, na katikati ya kikombe alijisogeza kidogo upande wa kushoto, akatulia hapo kama mtu aliyepata mahali pake. Opicho akapiga picha, akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha karakana, na sote kumi na mmoja tukaipa alama za moyo. Kiti hakikulia. Akageuza kikombe gotini, akasema kiende.

Jumamosi tuliondoka alfajiri kwa basi la kukodi. Kiti kilifungwa kwenye viti viwili vya mbele na Fundi Mativo alikaa kando yake akishika shuka lisiteleze. Alikuwa amevaa shati jipya la bluu ambalo Mama Kavindu alikuwa amelipiga pasi mpaka mikunjo yake ilisimama. Tuliposimama Nakuru kunywa chai, nilitoa barua ili niangalie majina ya wazee nitakaowataja katika hotuba yangu ya kukabidhi. Ndipo nikafungua ukurasa wa pili. Ulikuwa na sharti moja, limepigwa mstari kwa wino mwekundu: kiti kisikaliwe na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, hata kwa kujaribu.

Nikamvuta Opicho nyuma ya basi nikamwonyesha. Opicho anatoka upande huo wa magharibi na nilitumaini angeniambia siku hizi watu hawajali. Alisoma mara mbili akakuna kichwa.

"Madam, hii ni noma," alisema. "Zamani mtu akikalia hiyo kitu, ukoo wake wote haukanyagi hapo tena."

Nikamwomba aishie hapo. Hakuishia. Alinieleza habari za ng'ombe waliotozwa na za mtu mmoja aliyehama na nyumba nzima, mpaka nikaiacha chai yangu ikapoa. Tulikubaliana picha ifutwe, na Opicho akaifuta. Niliwapitia wenzetu mmoja mmoja nikiwanong'oneza wanyamaze. Fundi Mativo hatukumwambia. Alikuwa bado ndani ya basi, hataki kukiacha kiti peke yake, na nilimpelekea mandazi yake nikishindwa kumtazama usoni.

Tulifika saa saba. Wazee wawili walikipokea kiti langoni kikiwa na shuka lake, wakakipeleka ndani, nasi tukavua viatu na kukabidhiwa kwa Mama Triza, mlinzi wa kasri. Ni mama aliyepita umri wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kufundishia. Alituambia amelifagia na kulionyesha kasri hilo kwa miaka thelathini na mmoja, na kwamba nyanya yake ndiye aliyekuwa akimpikia mfalme wa mwisho. Akatutembeza. Kulikuwa na wanafunzi waliovaa sare za kijani, na bwana na bibi harusi waliokuja kupiga picha. Najua tulionyeshwa ngoma, na mtungi ambao haukuruhusiwa kukauka, na kitanda cha mfalme ambacho kila mtu alikishangaa kwa ufupi wake. Ukiniuliza ngoma ilikuwa na ukubwa gani sijui. Ninachokumbuka ni kwamba soksi yangu ya kulia ilikuwa na tundu na sakafu ilikuwa baridi.

Fundi Mativo aliona kila kitu. Aliweka kiganja kwenye miimo ya milango, akainama kutazama chini ya kitanda, akamuuliza Mama Triza maswali ambayo naye ilibidi afikirie kabla ya kuyajibu. Tulipopita kwenye ubao wa mafundi alisimama. Majina yalikuwa kumi na saba, na chini yake palikuwa na nafasi tupu iliyopigwa msasa tayari. Aliutazama tu, akarekebisha kola ya shati lake. Sijawahi kumwona amefurahi vile, na mimi niliumia kwa kila tabasamu lake.

Halafu Mama Triza akatueleza jambo ambalo halikuwa kwenye ukurasa wowote. Kitu cha kasri kikitoka na kurudi, wazee humuuliza fundi mbele ya watu swali moja: je, kimerudi kama kilivyoondoka? Fundi hujibu mara moja tu. Jibu lake ndilo linalopokewa, na halirudiwi. Akasema pia kwamba kiti hiki hakijakaliwa tangu mfalme wa mwisho alipokiacha, si na waheshimiwa waliokuja na misafara yao, wala na yeye mwenyewe anayekipangusa kila asubuhi.

Niliona bega la Fundi Mativo likishuka. Wenzetu walitazama sakafu. Sikuweza kuvumilia tena. Nilimvuta pembeni kwenye ujia, nikampa ukurasa wa pili. Akavaa miwani, akausoma polepole, kidole kikifuata mstari mwekundu. Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia pia, na hili ndilo linalonitia aibu zaidi, kwamba picha imeshafutwa, hakuna anayejua nje ya sisi, aseme tu ndiyo na jina lake lichongwe, maana amelistahili kuliko mtu yeyote.

Alinirudishia karatasi ikiwa imekunjwa vizuri.

"Umefuta kwa simu, Phelister," alisema. "Mimi bado nilikikalia."

Tukaingia ukumbini. Kiti kilikuwa juu ya mkeka, shuka limeondolewa, na mguu mpya haukutofautika na miguu ya zamani. Wazee watatu walikuwa wamesimama nyuma yake. Kijana mwenye patasi alikuwa akisubiri karibu na ubao. Mzee wa kati akauliza swali lake: kiti kimerudi kama kilivyoondoka? Opicho alikuwa amenishika mkono na alikuwa anaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimwomba Mungu Fundi Mativo asijibu, azirai, jambo lolote litokee.

"Hapana," alisema. "Kimerudi na mguu mpya. Na mimi nilikikalia nikanywa chai, kama ninavyofanya kwa kila kiti. Sharti sikulijua, lakini nilikikalia."

Mmoja wa wazee aliinama akatazama kiti kana kwamba angeona alama. Kisha wakatoka wote watatu kwa mlango wa nyuma, na kijana akaweka patasi yake chini.

Tulikaa barazani kwa muda wa saa mbili tukiwa na viatu mikononi. Hakuna aliyethubutu kuvivaa kwa sababu hatukujua kama tunaondoka au tunarudi ndani. Wageni waliendelea kupita na tikiti zao, wakitutazama watu kumi na mmoja walioketi kwenye mstari miguu mitupu, nadhani wakidhani sisi ni sehemu ya maonyesho. Fundi Mativo aliketi mwisho wa mstari. Alikuwa amevua miwani akiifuta kwa shati lile la bluu, anaivaa, anaivua tena.

Nilishindwa kukaa. Nilikwenda nikabisha mlango wa wazee, nikawaambia kwamba barua niliisoma nusu, kwamba fundi aliniuliza na mimi nikamjibu hakuna neno jingine. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama ni mimi niliyekikalia kiti. Nikasema hapana. Akaniambia basi nirudi barazani.

Walipotoka walisema maneno machache. Kiti kimepokelewa. Fundi atatoa kuku mweupe kabla jua halijatua. Jina lake halitachongwa kwenye ubao, na yeye hatavuka tena kizingiti cha ukumbi ule maisha yake yote. Mzee wa kati alisema hayo bila hasira, na nadhani ingekuwa rahisi kwetu kama angekasirika. Fundi Mativo aliinamisha kichwa, akawashukuru.

Opicho alitumwa sokoni kutafuta kuku. Alirudi na kuku ambaye ni mweupe kweli, ila ana unyoya mmoja mweusi kwenye bawa. Nilitaka tuung'oe. Fundi Mativo alikataa, akampeleka kuku na unyoya wake, akawaonyesha wazee mwenyewe. Mzee mmoja alicheka. Kuku akapokelewa.

Tulikuwa tumekwisha kupanda basi Mama Triza alipokuja mbio kidogo, kanga yake mkononi, akasimama chini ya dirisha la Fundi Mativo. Nilidhani kuna adhabu nyingine wazee wameisahau. Alitazama nyuma kwanza kuona kama anaonwa.

"Kililia?" aliuliza.

Fundi Mativo akasema hakikulia hata kidogo.

Mama Triza akavuta pumzi. Akamuuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, kulikuwaje. Amekipangusa kiti kile miaka thelathini na mmoja, na hakujua hata kama ni kigumu au ni laini kukikalia. Fundi Mativo akafikiri. Akamwambia kwamba ubao wa kukalia umelika upande wa kushoto, kidogo sana, macho hayaoni ila mwili unajua. Ukikaa katikati unateleza, lazima usogee upande huo ndipo utulie. "Mwenye kiti alikuwa na mguu mbovu wa kulia," alisema. "Alikuwa anauegemea mwingine, kwa miaka mingi."

Yule mama alishika ukingo wa dirisha. Machozi yalimtoka bila yeye kuyajali. Alituambia nyanya yake alikuwa akisema hivyo hivyo, kwamba mfalme alichechemea, kwamba alimwona kila siku akienda jikoni kuonja mchuzi akishika ukuta. Wazee walimkatalia mpaka akafa. Walisema mfalme hawezi kuchechemea na kwamba mpishi hana la kusema juu ya mfalme. Na Mama Triza amewatembeza wageni maelfu bila kuthubutu kulitaja.

Basi likaondoka. Mtu angetarajia tufurahi kwa hayo, lakini Fundi Mativo aligeuka dirishani hakusema na mtu mpaka tulipofika.

Jumatatu alikuja kazini saa moja kamili kama kawaida. Alipiga randa, akafundisha, akasalimia kila mtu. Lakini kiti cha kwanza kilipoisha hakuniita. Nilichemsha chai nikasubiri, ikapoa. Cha pili hakuniita. Opicho alipomuuliza alisema viti viwekwe tu pembeni, atavitazama. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha. Viti tisa vilisimama uwanjani vimefunikwa nailoni, wateja wanapiga simu, na mimi nawadanganya kwamba vanishi haijakauka. Hakuna aliyethubutu kuvitoa bila chai, na hakuna aliyethubutu kuvikalia badala yake. Mama Kavindu alinipigia akasema nyumbani anakula amesimama. Niliogopa tumempoteza, kwamba mtu aliyekalia viti vyote hivyo kwa imani sasa anaogopa kukaa, na kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo kwa ukurasa mmoja wa karatasi.

Wiki ya tatu, Mama Triza alinipigia simu. Namba yangu aliipata kwenye barua niliyowajibu wazee. Alisema tangu tuondoke anawaambia wageni wote, kila siku, kwamba mfalme alichechemea. Wakifika mbele ya kiti anawaonyesha upande wa kushoto. Wazee walimwita wakamuuliza amejuaje. Aliwajibu kwamba fundi wa Nairobi amemwambia, yule aliyekikalia, na mtu aliyesema ukweli ulipomgharimu hawezi kudanganya kuhusu mguu. Wazee wameacha aseme.

Nilitoka nje nikamweleza Fundi Mativo neno kwa neno, maana siku hizi siruki hata neno moja. Alikuwa anapiga randa. Aliendelea kidogo, kisha akasimama, akapangusa vumbi la mbao mikononi. Akaenda uwanjani akafunua nailoni ya kiti cha kwanza.

"Birika liko wapi?" aliuliza.

Siku hiyo alikunywa vikombe tisa, na hakuna kiti kilicholia. Mama Kavindu hakunipigia simu kulalamika. Alinipigia kushukuru.

Hiyo ndiyo habari ya kasri, Fundi, na nimeiandika kama ulivyotaka, pamoja na sehemu yangu. Jina lako haliko kwenye ubao wa ukumbi ule wala halitakuwako. Nimelia kwa hilo mara nyingi kuliko wewe. Lakini kuna jambo wewe hulijui, na ndilo lililoninyima raha mwezi huu mzima.

Kile kilichofunikwa shuka jeupe hapo mbele yako ni kiti chako. Kila mmoja wetu amekitengeneza kwa zamu, jioni ulipokuwa umeshaondoka kwenda nyumbani kwako mtaa wa Tena. Mvule ni kile kipande kilichobaki cha mlango wa nyumba iliyobomolewa. Mimi nimepiga msasa mkono wake wa kulia, na utaona palipo na kosa. Chini ya kiti Opicho amechonga jina lako lote, Mativo Wathome, na miaka yako, mahali ambapo ulikuwa ukipitisha kidole. Ni kiti cha kwanza kutoka lango hili kikiwa na jina.

Na hakijakaliwa. Hakuna aliyekijaribu, hata Opicho, ingawa alitamani. Mimi nimekaa na wasiwasi wiki tatu kwamba mguu mmoja haukuingia sawa kwenye tundu lake, kwamba gundi ilikuwa nyepesi, kwamba utakikalia mbele ya watu wote hawa nacho kilie kama mbuzi. Lakini tulikubaliana kwamba wa kwanza awe wewe.

Tunakushukuru kwa kila kikombe. Mama Kavindu, na binti yake Kavata, tunawarudishia mtu wenu akiwa mzima. Nenda Wamunyu kwa amani, Fundi, na Mungu akupe miaka mirefu ya kukaa chini.

Mkishamaliza kusoma hapa, tafadhali mnyamaze wote, na mwenye msumeno auzime. Birika liko mkononi mwangu na chai imeshachemka. Karibu ukae. Kikilia, tuambie tu, kitarudi mezani.